Dobi Aliyekuja kwa Sauti Yangu

Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize, maana mimi sibadilishi neno. Jambo hili lilinitokea hapahapa Kyela, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata pombe ya kimpumu.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video. Wazungu wanaongea kwenye kioo, nami nawasemea kwa Kiswahili: wanaume kwa sauti yangu ya kawaida, wanawake kwa sauti nyembamba ya kubana pua. Tulikuwa na filamu ya London ya zamani, enzi za magari ya farasi, kuhusu mtu aliyekuwa akichinja wanawake. Iliandikwa mwanzoni kwamba ni kisa cha kweli. Wanawake wote wanaouawa humo ni malaya. Ndivyo ilivyosema, ndivyo nilivyotafsiri.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu, nafanya mazoezi ya onyesho la jioni. Mvua inapiga bati, mara umeme ukakatika. Kioo kikazima. Sauti nyembamba ikaendelea.

Niamini, mdomo nilikuwa nimeufumba. Niliushika kwa vidole kuhakikisha. Kwenye benchi la mbele alikaa mama wa Kizungu wa makamo, mikono imebabuka kwa sabuni, anaongea kwa sauti yangu.

"Sikuwa malaya," alisema. "Nilikuwa nafua nguo za watu. Usiku ule nilikosa pa kulala, nikalala barabarani. Hilo gauni jekundu wanalonivika kwenye filamu sikuwahi kulivaa. Na huyo bwana wa kofia ndefu ninayeondoka naye humo simjui."

Nikamwuliza kwa nini asiwaendee waliotengeneza filamu hiyo.

"Nimewaendea, hawasikii. Hapa watu wananijua kwa mdomo wako."

Umeme uliporudi hakuwepo, na mlango ulikuwa bado na komeo kwa ndani.

Nikamweleza mwenye kibanda, Mzee Shomari, mfanyabiashara aliyetokea Tanga. Hakunicheka.

"Mwanangu, majini nayajua," alisema. "Lakini watu wanakuja kuona malaya, hawaji kuona dobi. Sema kilichomo, la sivyo kipaza sauti nampa mwingine."

Jioni kibanda kilijaa. Alipotokea yule mama na gauni lake jekundu, nikasema wazi: "Hapa filamu inadanganya. Huyu alikuwa anafua nguo za watu." Wakapiga miluzi. Nikarudia. Ndipo mama mmoja muuza mchele wa Busale akasimama, akawageukia.

"Mwacheni aseme. Mimi nimelala stendi mara ngapi? Basi na mimi ni malaya?" Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, tata."

Mzee akazima kipaza sauti. Nikamalizia kwa mdomo mtupu.

Nilifukuzwa. Sasa natafsiri kwenye kibanda cha Bujonde, na sauti nyembamba haijatoka tena. Wanawake wote nawasemea kwa sauti nene, watu wanacheka, na wacheke. Nikifukuzwa na huku nitahamia Njisi, nitasema yaleyale. Je, wewe unayewasemea wanawake waliokufa, kwa kipaza sauti au kwa simu yako, unajua unawaitaje? Angalia sana. Mmoja wao akija kwako hatakuja na sauti yake. Atakuja na yako, na utajisikia mwenyewe ulivyokuwa unasema.