Nilivyotikisa gilasi Florence

Watu wamenipigia makofi kwa kuonja mvinyo, na mie sijagusa hata tone!

Ilikuwa jana, Florence, Italia, kwenye matembezi ya kuoneshwa mji mkongwe. Mwishoni wenzangu wakaonja mvinyo, mie nikaomba juisi ya zabibu, nyekundu kama mvinyo wao.

Nilipotosheka nikatikisa gilasi, kama tunavyotikisa finjani ya kahawa kwetu Omani: basi, ahsante.

Mhudumu akanijazia. Nikatikisa tena, akajaza tena!

"Huyu ndiye mjuzi!" akasema mtalii mmoja, makofi yakaanza. Kumbe waonja mvinyo nao huizungusha gilasi hivyo hivyo!

Nikageuka nicheke na mwanangu.

Kiti kitupu. Niliweka nafasi mbili, akaghairi siku ya safari.

Leo nimefika Maskati, nikampigia nimhadithie.

"Baba, nna kazi, ntakupigia."

Yeye yuko Ghubra, mie Mabela, humu humu Maskati. Si mbali hivyo.

Nani yuko karibu? Kahawa nimepika ya watu wawili, tena.