Viatu vya Diwani

Leo, ndani ya treni ya London, nimesikia harufu ya dawa ya viatu, hasira zikanipanda upya.

Nilikuwa mtoto. Mgombea udiwani alivua viatu vyake mlangoni petu, ghorofa ya saba, mtaa wa Edmonton humu humu London, akala sambusa za bibi.

"Mama, sisi wa nyumbani. Nipeni kura, lifti nitaitengeneza."

Bibi akampigia debe kwa majirani wote. Akashinda. Lifti ikabaki mbovu vilevile, na magoti yakamfungia bibi ndani.

Uchaguzi uliofuata alipanda ngazi akihema, akavua viatu tena. Bibi akavitupa dirishani.

"Kaviokote, mwanangu. Shuka kwa lifti yako."

Akashinda tena. Bibi alikuja kushushwa ngazi zile mabegani mwa watu. Diwani alitangulia mbele ya jeneza, viatu vinameta.