Kina Mama Hawakuwa na Pingamizi

Nina mwandiko mzuri. Sijisifu, maana mwandiko huo ndio ulioniponza. Nimefundisha shule ya msingi hapa Tanga mpaka nikastaafu, kwa hiyo mtendaji wa mtaa alipotafuta mtu wa kumwandikia muhtasari wa mkutano, hakuhangaika. Alikuja moja kwa moja nyumbani, akamkuta mama yangu uani anapaa samaki, akampa shikamoo yake, kisha akaniomba mimi.

Mkutano ulikuwa wa ghorofa. Mwekezaji mmoja alikuwa amenunua nyumba kuukuu iliyotazama bahari, karibu na kwetu, akataka kuibomoa na kupandisha hoteli ya ghorofa tisa. Kabla ya kupewa kibali, wananchi walitakiwa watoe maoni yao. Na maoni yalikuwepo, tena ya kumwaga! Diwani na watu wake walisema vijana watapata kazi. Mwenyekiti wa mtaa na watu wake walisema upepo utazibwa na maji machafu yataishia baharini. Ikafika mahali watu hawapeani salamu. Kwenye harusi moja Makorora niliona kwa macho yangu wazee wawili waliowekwa sinia moja la pilau, kila mmoja akimngoja mwenzake anyanyuke ndipo yeye ale. Pilau ikapoa, na nyama akaila wa tatu.

Mama hakujali upepo wala ajira. Lake lilikuwa moja. Chini ya nyumba ile, nyuma ya majabali, pana kipande cha ufuko ambacho sisi tunakiita kwa wanawake. Ndipo tulipojifunza kuogelea tukiwa wasichana. Ndipo pia mjane anapoletwa asubuhi ya kumaliza eda. Wenzake humzungushia kanga, wakamwogesha maji ya bahari, akarudi kwa watu. Mwanamume akitaka kupita njia ya juu hukohoa, akapiga hodi, akasimama mpaka aitikiwe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata walevi waliifuata.

“Na hilo ghorofa litapiga hodi?” mama aliniuliza. “Madirisha yote hayo, mwanangu, yatatutazama sisi tu. Mie miguu hii hainifikishi mkutanoni. Kaseme wewe uliyesoma.”

Nikamwambia nitasema.

Tulikutana darasani, shuleni nilikofundisha. Wanaume walikaa kwenye viti mbele, wanawake kwenye mikeka nyuma, na mimi na kalamu yangu mezani pamoja na wakubwa. Mwekezaji alileta picha kubwa ya hoteli yake. Aliyeichora alikuwa ametia minazi ambayo hatujawahi kuwa nayo, na pale pale kwa wanawake akaweka wageni wawili wanatembeza mbwa. Nilisikia mikeka ikiguna. Kisha wanaume wakabishana mpaka adhuhuri ikakaribia, diwani akitupa kijembe, mwenyekiti akikirudisha, na mimi nikiandika.

Mwishowe diwani akauliza, “Kina mama, nanyi mna lolote?”

Mikeka ikanyamaza. Wanawake wote waliniangalia mimi. Nami nilimwangalia baba yangu, aliyekaa safu ya pili na kofia yake ya viua, na nyuma yake wanaume wazima niliowafundisha kusoma. Niseme nini mbele yao? Kwamba tunavua nguo pale? Kwamba mama zao huogeshwa pale? Tumelelewa kwamba mambo hayo hayatajwi mbele ya wanaume, na kinachostiriwa hakipigiwi mbiu.

Diwani akacheka. “Mwari akiposwa akanyamaza, si ameridhia huyo?”

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha nikainama nikaandika, kwa ule mwandiko wangu mzuri: Kina mama hawakuwa na pingamizi.

Niliporudi nyumbani mama aliuliza kama nilisema. Nikamjibu kwamba wanaume hawakutupa nafasi. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Hakuniuliza tena.

Ghorofa lilijengwa likaisha. Waliopata kazi walipata, sitawanyima haki yao. Mpwa wangu mmoja anafua mashuka pale. Mwenyekiti na diwani wamepatana siku nyingi. Mwaka jana baba alifariki, na mama akakaa eda miezi minne na siku kumi.

Asubuhi ya kuimaliza tulimshika mkono, mimi na shangazi zangu wawili, na kanga mpya na chetezo cha udi, tukamteremsha kwa wanawake polepole kwa sababu ya miguu yake. Jua lilikuwa limeshatoka. Tulipofika kwenye majabali tulimwona mgeni kwenye roshani ya ghorofa ya tano, kifua wazi, kikombe mkononi. Alitupungia mkono. Hakuwa na ubaya wowote, masikini; alidhani anatusalimu.

Mama alisimama. Alivuta buibui likamfunika uso, akasema, “Turudi.”

Shangazi walirudi naye. Mimi nilichukua ndoo nikashuka mwenyewe, nikachota maji ya bahari, nikapanda nayo mpaka nyumbani yakinimwagikia miguuni. Nilimkuta mama bafuni amekaa kwenye kigoda, amejifunga kanga, ananingoja. Nikashika kata, nikairudisha ndooni.

“Mama,” nikasema, “ile siku ya mkutano sikusema. Nafasi tulipewa. Nikanyamaza, kisha nikaandika kwamba tumekubali.”

“Najua.”

“Umejua lini?”

“Siku ile ile. Waliokaa mkekani walipita hapa kabla yako.”

Nilianza kulia. Nilimuuliza kwa nini miaka yote hii hakunigombeza hata siku moja.

“Ningekugombeza kwa lipi?” akasema. “Kunyamaza nilikufunza mimi.” Akainamisha kichwa. “Haya, nimwagie, maji yasije yakapoa.”

Maji yalikuwa ya baridi tangu yalipotoka baharini. Nikamwagia.