Gari Isiyo na Moshi

Wakati wa uasi, Butembo na Beni zilijaa watu waliojua kila kitu, na hakuna aliyejua zaidi ya dereva wa lori. Dereva wa lori alikuwa na imani moja, na hata padri asingeweza kumtoa humo: gari yenye nguvu hutoa moshi. Moshi ukiwa mweusi, injini ni nzima. Moshi ukifunika barabara mpaka mama wauza ndizi wajifunike vitenge usoni, basi hiyo ndiyo gari ya kwenda Eringeti na mzigo. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Wahenga hawakuwa na injini ya mazutu, yaani dizeli. Kwenye injini ya mazutu, moshi mweusi ni mazutu ambayo haikuungua. Ni chakula kinachotapikwa njiani, na mwenye gari anasimama pembeni akishangilia matapishi yake.

Mimi nilikuwa fundi wa pompe. Pompe ndiyo inayogawia kila silinda mazutu yake, kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Ikigawa kidogo, gari inalala kilimani. Ikigawa kupita kiasi, unapata moshi, injini inachemka, na dereva anafurahi. Kwenye garaji yangu ya Butembo nilikuwa na mashine ya kupimia tuliyoiita banc, niliyoachiwa na Mgiriki mmoja wa kahawa alipoona vita vinakaribia mlango wake. Unaifunga pompe pale juu, jenereta inaizungusha, na mazutu inamwagika ndani ya mirija ya kioo iliyopangwa mstari. Mirija yote ikijaa sawasawa kwa kile kipimo kinachotakiwa, kazi imekwisha. Hapo nafunga skurubu ya kipimo kwa waya na kuubana waya kwa plomb, kile kipande cha risasi, mtu asiiguse.

Plomb zangu hazikuwahi kuzeeka. Dereva alikuwa akitoka kwangu, akifika kwenye kona ya kwanza anakata waya, anazungusha skurubu kwa bisibisi mpaka moshi unatoka, kisha anaendelea na safari akiimba. Pale kwenye kona kulikuwa na mtu aliyeishi kwa kazi hiyo tu. Hakuwa na banc, hakuwa na kioo, alikuwa na bisibisi na maneno mengi. Alikuwa na wateja kunishinda.

Niliwadharau wote. Sikuficha, na wao hawakujali.

Siku moja komanda mmoja wa waasi aliniletea lori lisilotaka kupanda. Komanda huyo alitoka mkoa wa mbali, hakujua hata kuamkia kwa Kinande, lugha ya kwetu, lakini magari aliyajua: alijua kuyachukua. Lori hilo alilichukua Eringeti, likiwa na mbao na maharagwe, kutoka kwa mzee mmoja Mwislamu wa Beni ambaye hakuwa na jingine. Mzee huyo alikuwa msafirishaji, mtoto wa msafirishaji, na nyumba nzima ilikula kutoka kwenye lile lori. Tangu alipoporwa alikuwa akilifuata. Likienda Kamango na askari, yeye anapanda baiskeli za watu mpaka Kamango. Likirudi Beni, anarudi. Komanda alikwisha kumzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Nilipoifungua pompe nilikuta maji, mchanga na harufu ya mafuta ya taa. Askari walikuwa wanauza mazutu ya tangi na kurudishia chochote chenye umajimaji. Hiyo ndiyo serikali mpya tuliyoahidiwa redioni.

Komanda alikwenda kunywa bia yake. Mzee alibaki, akakaa juu ya tairi kuukuu mlangoni, kofia ya kufuma mkononi. Alingoja wafanyakazi wangu watoke kula, kisha akasogea.

"Fundi, minakuomba kitu moja. Uiharibishe."

"Niharibishe nini, papa?"

"Pompe. Ikikufa kabisa atachoka nayo, atanirudishia. Mi nitaitengenezesha kisha, pole pole."

"Papa, pompe mubaya haitokake kwangu."

"Hata juu yangu?"

"Hata juu ya mama yangu."

Alirudi kwenye tairi. Nilimwonea huruma, nasema kweli, lakini nilikuwa na kiburi cha kazi, na hakuna uasi uliokuwa umenitoa kiburi hicho. Nikaisafisha pompe, nikabadilisha vilivyoliwa na mchanga, nikaifunga kwenye banc. Nikapima, nikalegeza, nikapima tena, mpaka mirija ikasimama sawa yote. Nilifunga waya, nikabana plomb. Sikumbuki kama niliwahi kutoa pompe nzuri kuliko ile.

Komanda alirudi na askari wake kujaribu gari. Tulipanda kilima cha Vulamba, mimi katikati, yeye kando ya mlango, mzee nyuma pamoja na askari. Lori lilipanda kwa gia ambayo halikuwa limeigusa miezi yote ile. Injini ililia laini, bila kukohoa. Lakini komanda hakuwa anatazama kilima. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatazama nyuma.

"Moshi iko wapi?"

"Hakuna moshi, mon commandant. Mazutu yote inaungua ndani."

"Inaungua," alirudia, akamtazama dereva wake, nao wakacheka. Akasimamisha gari, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya bomba. Aliweka mkono mbele ya bomba, akautazama. Ulikuwa safi.

"Motuka oyo ekufi," akawaambia askari wake kwa Kilingala, yaani gari hii imekufa. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake. "Hii uliniacha na gari ya masista. Vita itaenda na hii?"

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwuliza ni nani aliyetufikisha juu ya kilima. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeona uso wa mzee kule nyuma. Isitoshe, juma lile komanda alikuwa amemnyang'anya mfanyabiashara wa kahawa lori lingine, lililofuka moshi kuliko tanuru la matofali, na roho yake ilikuwa huko.

"Mobange," akamwambia mzee, "kamata cadavre yako, maiti yako."

Akaondoka kwa miguu na askari wake, wakicheka bado. Mzee alishuka, akaligusa bodi la lori, akalia waziwazi mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nikaona ujinga ukimfaa mtu.

Baadaye alirudi. Nilidhani ameniletea kuku.

"Fundi, batu hapana kupakiza kwangu. Banasema gari haina nguvu. Kule parking banapita, banaangalia bomba, banaenda kwa wengine."

"Wapandishe kilima, papa. Bataona."

"Bale bacommerçants, benye mizigo, hapana kuangalia kilima. Niongezee moshi kidogo tu."

"Ile moshi njo ilikurudishia gari yako? Gari bila moshi njo ilirudi."

"Minajua. Lakini batoto bakule nini?"

Nilikataa. Nilimwambia na maneno mengine ambayo mtu wa umri wangu hakupaswa kumwambia mtu wa umri wake. Alinisikiliza kwa adabu yote, akaniaga, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kona, kwa yule wa bisibisi. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya pili lori lilipita mbele ya garaji yangu limejaa mihogo na watu mpaka juu, likipiga honi ili nitazame. Nilifunga mlango ili mirija yangu isiingie masizi.

Kwenye njia ya Beni kulikuwa na barrière, kizuizi cha askari, na komanda alikuwa amekaa hapo. Lile lori la kahawa lilikwisha kumfia, maana injini inayotapika namna ile haiishi. Waliokuwa juu ya mihogo walinisimulia kwamba aliuona moshi kabla ya kuliona gari. Alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono kama mtu anayempokea ndugu yake.

"Ah, imepona," alisema. "Ule fundi wa Butembo anajua kazi."

Safari hii mzee hakulifuata. Nilimkuta Beni, nilipokwenda kutafuta vipuri, akiuza mikate kwenye meza ndogo karibu na parking ya Kamango. Tulisalimiana, akanikatia mkate, hakunilaumu kwa lolote. Tukiwa hapo, lori lake likapita limejaa askari, na barabara nzima ikawa giza. Wauzaji walifunika vyakula vyao. Yeye hakufunika mikate. Aliinuka, akanishika mkono, akawaambia majirani zake huku akikohoa:

"Munaona ile? Njo gari yangu. Muangalie nguvu yake."