Wake Wenza Wawili, Kivinjari Kimoja

Siku hizi nikimwona mtu amefungua fomu mbili kwa pamoja kwenye kompyuta ya dukani kwangu, namwondoa mkono kwenye kipanya bila ya kumwomba radhi. Nina duka la fotokopi Mkunazini, Unguja mjini, lakini fotokopi imekuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni, maana kila ofisi imeamua kuwa hata bibi wa miaka sabini awe na akaunti yake na nywila yake. Nywila yenyewe iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ya mshangao. Bibi wa watu ameshashangaa zamani, hahitaji alama.

Asubuhi hiyo waliingia wanawake wawili kutoka Mangapwani, mke mkubwa na mke mdogo wa mzee mmoja aliyefariki miaka mingi nyuma. Mume alikufa, zamu hazikufa. Bado waliishi nyumba moja, buibui zao wakizikata kwenye jora moja, na kila mmoja aliniletea fungu lake la machungwa, idadi sawasawa. Watoto wao walikuwa wamechanga ili wawapeleke Hija, na kikundi cha mahujaji walichokitaka kilikuwa kimebakisha nafasi mbili tu. Mkubwa alikuwa na haraka ya kweli. Macho yake yalikuwa yanakwisha, daktari alishamwambia hayatarudi, na yeye alitaka kuiona Al-Kaaba kabla hayajazimika. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikitafuta kiti kwa kupapasa.

Nikasema basi tuanze na mkubwa.

"Mwanangu," mdogo akasema, "sisi haanzwi mmoja mwenziwe akangoja. Marehemu hakufanya hivyo hata siku moja."

"Kweli hayo," mkubwa akamuunga mkono. "Tuandike pamoja."

Nikajaribu kuwaeleza kuwa kompyuta haina pamoja, ina mmoja baada ya mwengine. Ilikuwa kama kuzungumza na ukuta. Maiti wa Mangapwani alikuwa ananiendeshea duka langu.

Sasa mjinga ni mimi, maana nilijiona nimepata dawa. Nikafungua vichupo viwili, yaani zile kurasa mbili zinazokaa sambamba juu ya kioo, unagusa hii unagusa ile. Kushoto nikaingia kwa akaunti ya mkubwa, kisha kulia kwa akaunti ya mdogo. Nikawa najaza mstari huku, mstari kule, na kila mstari ukijihifadhi wenyewe, kama mtu anayepakua wali kwenye sahani mbili mbele ya wenyewe. Wakaridhika sana. Juu ya kila fomu paliandikwa nafasi zilizobaki: mbili.

Nikatuma ya kushoto, ikajibu imepokelewa. Nikatuma ya kulia, ikajibu kuwa umeshajisajili. Nikaifungua ile iliyopokelewa, nikakuta jina la mdogo, pasipoti ya mkubwa, picha ya mkubwa, namba ya simu ya mdogo. Mwanamke huyo hajazaliwa.

Nikampigia fundi wangu wa kompyuta, naye akacheka, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Akaniambia kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, hakijali una vichupo vingapi, kinamkumbuka mtu mmoja tu, aliyeingia mwisho. Hata ningefungua dirisha jengine la kawaida kando, ingekuwa yale yale. Ilinipasa kutumia dirisha la faragha, au kivinjari chengine kabisa. Kwa hiyo mbele yangu walikaa wanawake wawili, na kwa mfumo alikuwepo mdogo peke yake, anayebadilisha mawazo kila mstari. Nikamuuliza kwa nini basi ule ukurasa wa kushoto uliendelea kunionyesha jina la mkubwa mpaka mwisho, kama si uongo mtupu. Akasema ukurasa hubaki na jina uliofunguka nalo mpaka uufungue upya. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nilijifanya mjanja kuliko fisi.

Niliporudi kwenye kioo, nafasi zilizobaki zilikuwa sifuri. Wakati mimi nagombana na fundi, mtu mwengine alikuwa ameichukua ile ya pili.

Nikampigia karani wa kikundi, nikaweka sauti ya nje ili wasikie wote. Akasema ipo nafasi moja, ya yule mwanamke mchanganyiko, na anaweza kuirekebisha hapo hapo.

"Nimwandike nani?" akauliza.

Mdogo hakusita. "Mwandike mwenzangu. Macho hayangoji."

Nikaanza kumsomea karani pasipoti ya mkubwa. Mkubwa akanyoosha mkono, akaipapasa meza mpaka akaipata simu, akaifunika.

"Peke yangu sendi," akasema.

Nikamwambia wazi, kwa ukali ambao si adabu kumtolea mtu wa umri ule, kuwa mwakani huenda asione kitu. Mdogo alikuwa analia, anamwapia kuwa hana kinyongo, aende tu.

"Bi, nnasubiri," karani akasema chini ya kiganja cha mkubwa. "Wapo wengine wanaingoja."

"Mwambie ampe mwengine," mkubwa akaniambia. "Mwakani tutakwenda sote. Nkiwa sioni, huyu atanambia ikoje."

Nikamwambia karani afute. Nilikuwa na hasira hata sikuweza kuwaaga, na mdogo akamtoa mwenzake nje kwa mkono, akimhesabia ngazi.