Sala ya Kinyozi kwa Simu

Kinyozi wetu hajawahi kumnyoa mtu bila kumuuliza. Hata mtoto mdogo aletwe na mama yake huku analia, yeye humwinamia na kusema, "Haya bosi, tupunguze juu au tuache?" Wateja humpenda kwa hilo. Ajabu ni kwamba nyumbani kwake, binti yake wa pekee alikua bila kuulizwa kitu.

Si kwamba kinyozi alikuwa mkali. La hasha! Ni mcha Mungu, na alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, hasa baada ya mama mtu kufariki. Kila jioni walipiga magoti kando ya kochi, baba akaomba kwa niaba ya wote wawili: "Bwana, mwanangu anakushukuru. Mwanangu anataka kuwa nesi. Leo alikasirika, lakini ameshasamehe." Mtoto hata hajajua kama amesamehe, baba keshapeleka taarifa mbinguni! Kazi ya binti ilikuwa kuitikia amina tu. Majirani walimsifia kinyozi mtoto mpole, naye akavimba kichwa.

Sasa binti yuko mji mwingine, chuo cha unesi, na nyumba imepwaya. Kinyozi humkumbuka mpaka anaumwa. Akifunga duka hukawia njiani makusudi, maana hana wa kumwambia "nimerudi". Wiki nzima huisubiri Jumapili, atoke ibadani apige simu. Na simu yenyewe sasa! Chuo? Kizuri, baba. Afya? Nzuri, baba. Baba huomba, binti huitikia, basi imekwisha. Kinyozi hubaki ameikodolea simu macho, roho inamuuma. Hutamani kusikia japo neno moja ambalo si yeye aliyemtia mtoto mdomoni.

Jumapili moja mafua yalimbana, sauti ikamkauka. Walipofika kwenye sala alikohoa, akajaribu, ikatoka mikwaruzo mitupu.

"Mama, leo omba wewe," alimwambia binti yake kwa shida.

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Akamsikia akivuta pumzi. "Bwana, mwanangu anakushukuru kwa..." Binti akasita. Kisha akaangua kicheko, kicheko ambacho baba hakuwa amekisikia tangu msiba wa mama. "Jamani, baba! Hata kujiombea sijui. Eti najiita mwanangu!"

Kinyozi alitaka kucheka naye, ikamshinda. Aliona haya. Mungu alimpa mtoto yule moyo wake na mdomo wake, na yeye baba mtu akakaa katikati yao miaka yote hiyo.

"Anza tena," alinong'ona. "Taratibu tu, mimi nipo."

"Mungu," binti alisema, "mimi unesi niliacha muhula uliopita. Niko kwenye karakana, najifunza kutengeneza friji, na kazi hii naipenda, wewe unajua. Baba nimemficha. Yeye alishakwambia nataka unesi, nikaona nitamfanya mwongo mbele zako. Mwangalie baba yangu. Najua anakula amesimama jikoni, maana hapendi kukaa mezani peke yake. Nami namkumbuka kila siku. Amina."

Machozi yalimtoka kinyozi. Habari ya kula amesimama hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Yeye aliyejidai kumjua mtoto ndani nje hakujua hata mtoto anashinda wapi, na mtoto, kutoka mbali huko, alikuwa anamwona.

Maneno yalimjaa kooni. Karo je? Na wale wote kanisani aliowatangazia kuwa binti yake anasomea unesi? Akayameza yote.

"Hiyo friji," alisema kwa sauti yake mbovu, "mnaanzia wapi kuitengeneza?"

"Baba, unataka kujua kweli?"

"Nataka."

Basi binti akaeleza. Akaeleza gesi inavyovuja, injini inavyounguruma ikitaka kufa, fundi mkuu anavyowafokea. Kinyozi hakuelewa hata nusu, wala hakumkatiza. Hofu yake ilikuwa moja tu, simu isije ikaisha chaji.