Kuku wa Harambee

Juzi nilikuta shule ya upili ya kwetu, nje ya Naro Moru, ikibadilisha mabati ya darasa lake la kwanza. Nikamkumbuka kuku wetu mwenye shingo isiyo na manyoya.

Siku ya harambee ya kuchanga pesa za kujenga darasa hilo, mama alimtoa apigwe mnada. Uwanja ulinukia nyasi zilizokanyagwa na chai ya kuni. Kila aliyemnunua alilipa, kisha akamrudisha auzwe tena. Nilidhani wanamkataa kwa sababu ya ile shingo, nikaona aibu.

“Mama, kwani hakuna anayemtaka?”

“Nyamaza wewe. Wote wanamtaka, ndiyo maana anarudi.”

Mnunuzi wa mwisho alimrudishia mama kuku wake. Jioni nilimmwagia mahindi, nikimfariji.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mvua ilipiga mabati yale asubuhi nzima, nami nilikaa chini yake, mkavu.